Jerikeni Ukweni

Tulipokwenda Wundanyi kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, nilimwomba mama jambo moja tu: asitaje maji. Miaka hiyo ya tisini bomba letu pale Voi lilikohoa hewa wiki nzima, nasi tulioga kwa kikombe. Mama wa milimani akisikia hayo, binti yake hatanipa.

"Sitasema neno," mama akaahidi. Na kweli hakusema.

Baada ya chai, mama mkwe akatuambia tushuke bondeni tukaone maporomoko. Mama alipitia kwanza kwenye pikapu tuliyoazima, akarudi na furushi la kanga. Nikadhani ni sweta, maana baridi ya huko si mchezo.

Njia ilikuwa tope tupu. Mchumba wangu alishuka akirukaruka. Mimi nilishuka kwa makalio, nikicheka ili ionekane nimependa. Kule chini maji yaliporomoka mwambani kwa kishindo, meupe, bila dalili ya kwisha. Niliyapenda kwa moyo wote. Mama aliyatazama yanavyopotelea kwenye mawe, akaingiwa na uchungu wa mtu anayeona chakula kikimwagwa. Akafungua furushi. Jerikeni mbili, na vifuniko vyake.

Mama mkwe alimtazama akijaza. Kisha akauliza polepole, "Huko kwenu maji munatoa wapi?"

Mama ni mtu wa ahadi. "Muulize kijana," akasema.

Nikajibu kwamba mara nyingine bomba huchelewa kidogo. Mchumba wangu akacheka mpaka akashika mti.

Mgeni habebi mzigo ukweni, kwa hiyo mama mkwe alizipandisha jerikeni mwenyewe, moja mgongoni, moja mkononi, nami nyuma yake na kanga tupu. Hakupumzika hata mara moja hadi juu. Niliogopa kweli, nilijua nimekosa mke.

Wajomba wa mchumba wangu walipoleta madai ya mahari, palikuwa na mbuzi, blanketi, na jambo ambalo hata wao walilisoma mara mbili: tangi la maji, lijae, na mama mkwe aje alikague kabla ya harusi.

Alikuja. Akaligonga juu hadi chini, likaitika vizuri. Akafungua koki, akakinga kiganja, akaonja.

"Kumbe maji ya Voi ni matamu," akasema. "Ni kama ya kwetu tu."

Pikapu, tuliyoiazima tena juzi, ilikuwa bado na tope la milimani kwenye magurudumu na jerikeni tupu nyuma. Mama, aliyeahidi kutotaja maji, akamkaribisha chai.