Baba yangu mhasi mbuzi alivyogomea sindano za tezi dume

Wakuu, salama huko mliko? Hii ni ya nyumbani kwetu Uru, sio chai. Mwenye kubisha abishe, ila asome kwanza.

Mzee wangu ni mkulima wa kahawa na migomba, lakini sifa yake kubwa ni kuhasi mbuzi. Kwetu ndafu, yule mbuzi mzima anayechomwa harusini, lazima anone, kwa hiyo beberu anahasiwa mapema. Anayeitwa ni baba.

Ikaja saratani ya tezi dume. Daktari akasema atachomwa sindano za kuzima homoni ya kiume, maana ndiyo inayolisha ugonjwa wake.

Baba akawaka! "Nimehasi mbuzi maisha yangu yote, leo mnihasi mimi?"

Mama akambembeleza mpaka akakubali. Aisee, zilifanya kazi. Mkojo ukafunguka, maumivu ya mgongo yakapungua, mzee akarudi shambani.

Hapo ndipo balaa likaanza. Akatangaza sindano basi. Hoja yake? "Mbuzi hahasiwi mara mbili." Baba wadogo wawili wakamuunga mkono, pombe ya mbege mkononi.

Mimi ni bintiye wa mwisho. Nafanya kazi maabara, tunafuga panya wa utafiti. Nikapanda Uru, nikawakuta wote watatu uani. Nikatoa shikamoo, nikavuta kigoda.

Wakuu, kwetu binti hazungumzii mambo hayo ya baba yake. Niliogopa. Lakini nikinyamaza, baba anakufa.

Nikamuuliza, "Baba, mbuzi akishahasiwa anarudi kuwa beberu?"

"Arudie wapi? Vyote nimeshatoa."

"Wewe hujatolewa kitu. Homoni imezimwa tu. Ukiacha sindano, inaweza kurudi."

Nikawaeleza kuhusu panya. Tukiwahasi, tezi dume inasinyaa mpaka inabaki kidogo sana. Tukiwapa homoni, inakua tena hadi ukubwa wake wa zamani. Tukiikata homoni inasinyaa, tukirudisha inakua.

Zamani wataalamu wengi walidhani seli chache maalumu ndizo zinazoijenga upya. Kumbe karibu zote zilizobaki zinaamka na kuanza kazi!

Baba mdogo mmoja akauliza, "Na za saratani?"

"Nazo zikipata homoni zinaamka. Sindano imezilaza, haijazimaliza."

Kisha baba akasema taratibu, "Kwa hiyo mimi sijahasiwa."

"Hujahasiwa, baba."

Alicheka mpaka akakohoa. Baba mdogo wa pili akaanza kunung'unika, eti mtoto wa kike anakosa adabu.

Baba akamkatiza. "Nyamaza wewe! Huyu nimemsomesha kwa kahawa yangu, na leo kanifundisha. Wewe umepima lini?"

Wakuu, nina vyeti, nimewahi kupigiwa makofi ukumbini. Hakuna kilichowahi kunijaza kifua kama maneno yale. Nilijivunia mzee wangu kuliko nilivyojivunia mwenyewe.

Nilichojifunza: nafuu siyo kupona. Zipo nyakati sindano zinapumzishwa, lakini anayeamua ni daktari, siyo kikao cha mbege.

Wenye wazee wanaogoma, njooni tuongee. Wajuaji nanyi karibuni, leo nawamudu.

Jumatatu iliyofuata baba alishuka Moshi kuchomwa sindano. Baba wadogo wote wawili walikuwa nyuma yake, wanaenda kupima.