Mwezi Kwenye Fomu ya Barabara ya Wampembe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Msimamizi wa kambi ya barabara pale Chala, mzee mfupi aliyevaa sweta mbili kwa baridi ya Ufipa, alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akauliza kama ofisi ya mkoa imenituma kupika. Nikamjibu kwamba nimetumwa kama fundi sanifu na cheti ninacho. Hakubishana. Alinitwisha mzigo wa pegi, vile vijiti tunavyochomeka ardhini kuonyesha barabara itapita wapi, akaniambia nimfuate. Tulitembea hadi jioni. Nilijikwaa, nikachubuka magoti, lakini hakuna pegi hata moja iliyoanguka. Kesho yake nilikuta kiti.

Nawasimulia ninyi vijana mnaopima barabara kwa droni, kile kidude cha kupiga picha kinachoruka angani, nanyi mmekaa kivulini. Siwaonei wivu. Sisi tulipima kwa tepu, kwa miguu yetu, na kwa levo, ile darubini ya miguu mitatu inayokuambia wapi ardhi imepanda na wapi imeshuka. Kona za mteremko wa Wampembe nazijua kuliko vyumba vya nyumba yangu.

Kwa asiyeujua mteremko huo, unaanzia huku juu kwenye mahindi na maharage yetu, unashuka ukingo wa mlima hadi Ziwa Tanganyika. Zamani, sehemu kubwa ilikuwa na upana wa gari moja, mwamba kushoto, korongo kulia. Malori mawili yakikutana, moja lilirudi kinyumenyume. Utingo alishuka na gogo la kuzuilia tairi, akatembea nyuma ya lori akimwelekeza dereva. Kila mtu aliyekuwa ndani alinyamaza mpaka lipite.

Baada ya miaka kadhaa ya Chala nilihamishiwa Sumbawanga, kwenye meza ya mipango, chini ya Mhandisi wa Mkoa. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyependa penseli iliyochongwa vizuri. Mwaka huo mpango ulikuwa na nafasi ya kupanua barabara moja tu ya milimani, naye akanipa kazi ya kupima kama mteremko wa Wampembe unastahili. Jambo la kwanza ni kuhesabu magari. Mnakaa kando ya barabara siku saba mfululizo, na kila chombo kikipita mnapiga kijistari kwenye fomu.

Wiki ya kuhesabu niliichagua mwenyewe, tena kwa majivuno. Mimi ni binti wa mkulima. Mvua zimekwisha, mahindi yamevunwa, njia ni kavu. Kwetu huku juu hakuna wakati malori yanatembea kama huo. Nikaenda na karani wangu, tukakaa siku saba. Zilipita pikipiki, baiskeli za kusukuma na malori ya kuhesabu kwa vidole. Nikaandika taarifa safi kabisa kwamba barabara hii haina haja ya kupanuliwa, ichongwe tu kwa greda kila mwaka. Mhandisi aliisaini na kuisifu mbele ya wanaume waliokuwa wakisubiri nikosee. Nilitembea na sifa zile kutwa nzima, kichwa juu.

Siku chache baadaye nilipita sokoni Chala kununua dagaa kwa Mama Zaituni, mwanamke wa Wampembe aliyepandisha dagaa huku juu miaka mingi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani aliniuliza lini tutaipanua njia yao. Nikamwambia kwa sauti ya kiofisi kwamba tumehesabu, na magari ni machache.

"Mlihesabu lini, mwanangu?"

Nikamtajia wiki ile. Akaacha kupima dagaa.

"Si ndiyo wiki ya mbalamwezi? Wiki ile hata paka wa Wampembe wanalala njaa."

Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwaiti, mitumbwi inalala ufukweni, na malori hayana cha kufuata. Giza likirudi, dagaa wanaanikwa mchanga mzima na malori yanapanga foleni mlimani. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mdogo wangu alikuwa utingo. Alishuka na gogo lake pale kona ya tatu. Hakupanda tena."

Niliondoka sokoni nikiwa na aibu, nasema kweli. Nimeishi Chala miaka yote ile, nimekula dagaa wao, na sikuwahi kuuliza wanavuliwa lini.

Ningeweza kunyamaza. Taarifa ilikuwa na saini, na hakuna bosi ambaye angekuja kuhakiki mwezi. Asubuhi iliyofuata niligonga mlango wa Mhandisi nikamweleza yote. Alichonga penseli kwa muda mrefu.

"Nikiirudisha," akasema, "niandike nani amekosea?"

"Uniandike mimi, Mhandisi. Nilihesabu kwa mahindi, na ile ni barabara ya samaki."

Akachora mstari juu ya saini yake mwenyewe. "Nenda kahesabu gizani," akasema. Wanaume wa ofisini walicheka mwezi mzima, wakaniita Mama Mbalamwezi. Niliwaacha wacheke.

Safari hiyo fomu zilituishia, tukapiga vijistari kwenye karatasi za kufungia sukari. Kila mahali nilipoona lori likirudi nyuma nilichomeka pegi, na kwenye pegi hizo ndipo zilipochimbwa njia za kupishana, zile nafasi pana ambamo gari moja linajibana lingine lipite. Kona ya tatu tuliijengea ukuta wa gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Juu ya fomu ya kuhesabia nikaongeza mstari mmoja: giza au mbalamwezi. Nasikia bado upo, na vijana wanauliza ni wa nini. Sasa mmejua.

Nimestaafu, naishi Mazwi hapa Sumbawanga, na najivunia kazi yangu bila kuona haya. Kosa lile nalo naliweka kwenye hesabu ya kazi yangu, kwa sababu nililisema mwenyewe kabla barabara ile haijamuua mtu mwingine.

Majuzi niliteremka Wampembe kumwona Mama Zaituni, ambaye sasa miguu haimpeleki tena sokoni. Nilipewa lifti na lori la dagaa. Kona ya tatu tulikutana na lori jingine likipanda. Dereva wetu akajibana kwenye njia ya kupishana, akapiga honi moja, akasubiri. Nikageuka kumtazama utingo. Hakushuka. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, na dereva hakuona sababu ya kumwamsha.