Fundi makochi anayemngoja shemeji yake apone, wakutane mahakamani

Saa moja asubuhi, fundi makochi amepiga magoti sakafuni, analivua nguo kochi la watu watatu. Ndivyo anavyosema mwenyewe: kulivua nguo. Anang'oa msumari mmoja mmoja, kitambaa kinalegea, na sponji inatoa vumbi lililolala humo miaka mingi.

Anapenyeza mkono kwenye upenyo wa nyuma. Anatoa kitana, kifungo cha shati, na ufunguo ulioshika kutu.

"Sijui mwenye nyumba alimgombeza nani kwa ajili ya ufunguo huu," anasema, kisha anacheka. "Kochi linajua mengi, mwanangu. Basi tu halisemi."

Karakana hii ya mlango wa bati ilianzishwa na marehemu mumewe. Hapa ndipo mama huyu alipojifunza kushona, akiwa na mimba ya binti yao. Mume alipofariki, wateja walikuja kuchukua makochi yao yakiwa nusunusu. Aliwasihi wampe nafasi. Aliyamaliza yote.

Sasa karakana yenyewe iko mahakamani. Mdogo wa marehemu anasema kiwanja kilinunuliwa kwa pesa yake, naye anataka kukiuza. Fundi anasema walikinunua yeye na mumewe, na alifungua kesi kuzuia mauzo. Yeye ni mdai, shemeji yake ni mdaiwa. Akishindwa, hana pengine pa kuweka hata cherehani.

Siku ya kwanza alikwenda na shahidi wake, seremala wa jirani anayemtengenezea fremu, wote wamevaa nguo za kutokea. Wakaambiwa kesi imekuja kutajwa tu, si kusikilizwa. Ikatajwa, wakarudi walikotoka.

"Nilidhani kutajwa ndiko kusikilizwa," anasema. "Kumbe mtu anaweza kukuita jina asikuulize hata hali."

Tangu hapo shemeji aliomba ahirisho mara tatu. Mara kasafiri, mara karatasi haijapatikana, mara ana mafua.

"Mafua!" anadakia binti yake, anayepiga pasi kitambaa kwenye kona. "Kesi yetu imetajwa kuliko jina la bwana harusi."

Hasara haikukawia. Meneja wa ukumbi mmoja alitaka kumpa viti mia mbili avifunike upya, akasita. Aliogopa viti vyake visije vikafungiwa ndani, akasema atarudi kesi ikiisha. Kwa fundi anayepata makochi mawili au matatu kwa mwezi, hiyo ilikuwa kazi ya kumvusha mwaka.

Hatimaye siku ya kusikilizwa ikafika. Jina la mdaiwa likaitwa. Kimya. Likaitwa tena koridoni. Kimya. Karani alikwishawaeleza kwamba upande mmoja ukikosekana bila taarifa, hakimu anaweza kuusikiliza ule uliopo na kutoa uamuzi.

Familia ya shemeji haikukumbuka kupeleka taarifa. Lakini fundi alijua alipo. Alikuwa hospitali, kapasuliwa figo, na jioni iliyotangulia yeye mwenyewe alimpelekea supu.

"Kesi hatukuigusa," anasema. "Utamkumbushaje mtu kesi wakati hata kikombe anashikiwa?"

Kwenye benchi, seremala alimnong'oneza: "Nyamaza, jirani. Mlango umefunguka wenyewe, usiufunge kwa mdomo wako."

Fundi akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kesi isogezwe. Shemeji anaumwa."

"Hapa hakuna shemeji," hakimu alimwambia. "Kuna mdai na mdaiwa."

"Ndiyo, mheshimiwa. Mdaiwa shemeji anaumwa."

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Alimuuliza kama anaelewa kwamba ahirisho huombwa na mwenye udhuru, na mwenye udhuru si yeye.

"Naelewa, mheshimiwa. Lakini mwenye udhuru hawezi kusimama."

Hakimu aliandika kwa muda. Kisha akakubali, akaamuru kiwanja kisiguswe mpaka kesi isikilizwe, na kuonya kwamba hilo ni ahirisho la mwisho.

Nje, seremala hakuwa na la kuficha. "Nilimwambia, wewe ukikuta mwizi kajikwaa utamshikia mzigo," anasimulia.

"Nami nikamwambia si mwizi, ni shemeji," fundi anajibu.

"Tofauti yake?" anauliza seremala, na wote wawili wanacheka.

Binti hakucheka siku ile. Alikuwa amekwisha kuhesabu vile viti vya ukumbi kuwa vyao. "Nilimuuliza, mama, yeye angekuonea huruma? Akanijibu, 'Hilo kamuulize yeye. Mimi nimeulizwa langu.'"

Ni vigumu kumuuliza mtu kwa nini ametenda wema. Anapoulizwa, fundi anaendelea kushona. Anapitisha sindano iliyopinda kwenye ukingo wa kiti, anavuta uzi mpaka unalia.

"Nikishinda hayupo, kila tukikutana msibani atasema nilimvizia kitandani," anasema. "Nataka nimshinde amekaa pale, ana nguvu zake, ananibishia. Na kama ni kushindwa, nishindwe na mtu, nisishindwe na roho yangu mwenyewe."

Shemeji ametoka hospitali. Wiki iliyopita alimtuma mkewe na salamu: atakuja mahakamani, na hatamwachia fundi hata tofali moja.

"Nilifurahi," anasema fundi. "Nikasema, huyo sasa kapona."

Tarehe mpya imekaribia. Akishinda, anapanga kwenda kwa meneja wa ukumbi siku hiyo hiyo, kabla hata ya kubadili nguo. Atamwajiri na mwanamke mwingine, mjane kama yeye, amfundishe kazi. Akishindwa, bado hajui, na hataki kujifanya anajua.

Kabla ya kufunga, anachukua mto mnene wa mahameli ya buluu, anaukandamiza kwa kiganja, anautazama ukiinuka polepole. Hakuna mteja aliyeuagiza. Ila mke wa shemeji alimdokeza kwamba mgonjwa bado hawezi kuegemea kitu kigumu, na mabenchi ya mahakama ni mbao tupu.

"Huu ni wake," anasema, akikata uzi kwa meno. "Asije akasimama mbele ya hakimu akasema benchi linamchoma mshono, akaomba ahirisho tena."