Kona Moja Iliyokaa Kombo

Soja wetu, mlinzi wa fleti zetu hapa Kileleshwa, hufungua geti kwa mkono wa kulia, na huku wa kushoto hauachi kuzungusha mchemraba wake wa rangi sita. Macho yake yako barabarani. Kidole gumba kinasukuma, cha shahada kinavuta, krik, krik, na kabla gari halijaingia lote, kila upande umerudi kuwa rangi moja. Hapo huuvuruga tena. Mpangaji aliyeshindwa na mchemraba wake humletea, naye soja humwambia maneno yale yale, kwa sauti ya chini kama anayetoa siri: "Hata huyo mwalimu mwenye alitengeneza hii kitu alihangaika nayo mwezi mzima."

Jumanne alishuka Mama Janice wa ghorofa ya tatu. Tangu apatwe na kiharusi ameutumia mchemraba wake kuzoeza vidole, na miezi miwili umemkatalia. "Nimechoka," alisema. "Nafikiri kichwa yangu imeharibika." Soja akauzungusha, akakaribia kumaliza, akasimama. Kila rangi ilikuwa mahali pake isipokuwa kona moja iliyokaa kombo. "Mama, hii ilianguka ikafunguka, mtu akarudisha kona vibaya. Hivi ilivyo, hata mimi siwezi." Akaichomoa kona ile kwa ukucha, akaigeuza, akairudisha. Ukakamilika. Mama Janice akanyoosha mkono aupokee. Lakini soja aliuvuruga kwanza, barabara, bila huruma, ndipo akampa.

"Kichwa yako iko sawa," alisema. "Sasa panga."