Mama Mkwe Katikati ya Kebini

Lori la baba mkwe lilibeba mahindi kutoka kijiji chetu cha Kwanza hadi Bungoma, na ndilo lililosomesha mashemeji zangu wote. Katika miaka ya themanini goti lake lilikataa kukanyaga klachi. Aliyebaki pale nyumbani akijua gari kubwa ni mimi, mkamwana wake, niliyejifunza kuendesha trekta kwetu Naitiri na ambaye ndiyo kwanza nilikuwa nimepata leseni ya lori. Mume wangu alikuwa mwalimu. Hata baiskeli ilimtoa jasho.

Ajenti wa bima mjini Kitale aliniangalia kama mtu aliyeletewa sahani isiyo yake. Alisema dereva mpya akipata ajali, kampuni italipa ikiwa tu dereva mzoefu ameketi kando yake, kwa miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo wangeamua kama nitaachiwa lori peke yangu. Wakikataa, lori lingeuzwa.

Dereva mzoefu tuliyekuwa naye ni baba mkwe mwenyewe. Sasa, kwetu mkamwana haketi bega kwa bega na baba mkwe, wala hasemi naye uso kwa uso. Bima haikuwa na habari hiyo. Mama mkwe alitutazama tukizubaa pale uani, akajifunga leso kichwani, akapanda na kuketi katikati.

Basi lori likawa linaendeshwa na watu watatu.

"Ambia huyu mama aweke gia ya pili," mzee alisema akitazama nje ya dirisha.

"Ati uweke ya pili," mama mkwe akanipitishia.

Ujumbe ulinifikia kilima kikiwa kimekwisha. Nilikasirika sana siku hizo, sitaficha. Nilitaka mtu aniambie kama naendesha vizuri au vibaya, na mzee hakuwa na neno ila gia na breki.

Baadaye mama mkwe alizoea. Tukifika Kamukuywa alikuwa ameshasinzia, kichwa begani mwangu, na mzee akabaki kunikoholea: mara moja breki, mara mbili gia. Tukaelewana hivyo.

Miezi sita ilipoisha tulirudi kwa ajenti sote watatu.

"Mzee," ajenti akauliza, "unaweza kumwachia huyu lori yako peke yake?"

Mzee alimtazama ajenti, si mimi.

"Lori ni chuma, bana. Ikiharibika nitatafuta ingine. Lakini bibi niko na mmoja tu, na huyu mama akiendesha, yeye hulala fofofo hapo mbele. Mimi nimembeba kwa lori hii miaka yote hiyo, na nikiendesha mimi hajawahi kulala hata siku moja."

Mama mkwe alicheka mpaka leso ikamtoka kichwani. Ajenti akavuta muhuri, akaigonga karatasi yangu. Mimi niliinamisha kichwa, kama inavyompasa mkamwana, na machozi yakanidondokea viatuni.