Nililisha Ng'ombe Maua ya Mama wa Kambo, Bibi Akabeba Lawama

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mjane wa miaka sitini na tatu, naishi Soweto hapa Moshi, na ninamuuguza mama yangu wa kambo.

Alikuja kwetu Machame enzi za Ujamaa, nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama yangu mzazi hakuwa amemaliza hata mwaka kaburini. Huyu mama alileta mbegu kwenye leso, za maua yanayoitwa holihoki, marefu kuliko mtu. Alizichuma kwenye kaburi la mwanawe wa pekee. Akazipanda zote mbele ya nyumba. Mwaka ule yalitoka majani mapana tu, naye kila asubuhi alimwagilia akisema, "Mwakani yatachanua."

Mimi nilimchukia. Pale ndipo mama yangu alipokuwa akikaa kuchambua maharage. Siku moja nilitumwa majani ya ng'ombe, sikwenda mbali. Niling'oa ile miche yote, nikaitupa horini. Nilipogeuka, Bibi mzaa baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunikaripia. Alisema tu, "Nenda kateke maji."

Niliporudi, mama wa kambo alikuwa amepiga magoti kwenye udongo mtupu. "Nani kanifanyia hivi?" Baba akanitazama huku anafungua mkanda. Bibi akawahi: "Ni mimi. Nilitaka nafasi ya kupanda magimbi."

Nikapitiliza jikoni na ndoo yangu ya maji.

Tangu siku hiyo mama hakumwamkia tena Bibi, miaka tisa ndani ya kihamba kimoja, shamba la ukoo. Niliwahi kumwambia Bibi nataka kusema ukweli. Akanijibu, "Ukisema, nikiondoka mimi utabaki na nani?" Tulipomzika pale migombani, mama hakumtupia hata konzi ya udongo.

Na mama huyu huyu ndiye aliyenilea hadi nikaolewa, ndiye aliyenipokelea mtoto wangu wa kwanza kwa mikono yake. Juzi alinishika mkono: "Mwanangu, niahidi. Msinizike karibu na yule bibi yako. Aliniulia mtoto mara ya pili." Nikaahidi. Tangu hapo kila nikimlisha uji nahisi tuko watatu chumbani.

Daktari ametuambia tujiandae. Nikisema, atakufa akijua kwamba aliyemuumiza ndiye anayemlisha. Nikinyamaza, Bibi ataendelea kuchukiwa kwa kosa langu. Jamani, msinihurumie, nishaurini tu: nimwambie, au nimwache aondoke hivyo?