Alama ya Maji kwenye Kabati la Mama

Jumamosi moja asubuhi wanaume wanne walilibeba kabati la mama yangu mabegani, wakalipitisha katikati ya mtaa wetu wa Mulongwe, na kila aliyetuona alidhani kuna harusi au kuna mtu anahama. Mama alitangulia akiwaonyesha wabebaji pa kukanyaga. Mimi nilifuata nyuma na kaye, daftari la chama chetu cha ujenzi, kwapani. Nilikuwa sekretere, na nilihisi kwamba lolote litakalotokea siku hiyo litahitaji kuandikwa.

Motari mmoja alizima pikipiki yake ili atupishe.

"Mama, kwa umri hii bado unaolewa?"

"Ndiyo," mama alimjibu bila kugeuka. "Na baba yako. Nenda umwambie afagie nyumba."

Wabebaji walicheka mpaka ikabidi walitue kwanza.

Tulikuwa tunalirudisha mahali liliposimama siku mto ulipoingia ndani. Wakati wa kiangazi mtu anaweza kuuvuka mto Mulongwe kwa kukunja suruali tu. Mwaka ule wa mafuriko ulishuka kutoka milimani na mawe makubwa kama mbuzi waliolala, ukabomoa nyumba za udongo na kuyaacha mawe yale katikati ya avenu, barabara ya mtaa wetu. Kuta zetu zote zilianguka. Ilibaki sakafu ya simenti, ngazi moja ya mlangoni, na kabati. Lilikuwa zito, limejaa sahani, halikuelea. Matope yaliacha mstari wa kahawia juu yake, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, shibiri moja chini ya kitasa. Mama aliusugua kwa sabuni, akausugua kwa majivu, akajaribu mchanga. Haukutoka. Tukawa tunahama na mstari wetu kutoka chumba kimoja cha kupanga hadi kingine.

Chama cha ujenzi kilianzishwa na majirani waliochoka na vyumba hivyo. Hakuna aliyegawiwa faida, kwa kuwa faida haikuwepo. Kila familia ingefanya kazi kwenye nyumba zote, za wenzake na yake, kisha ingelipa polepole kwa miaka vile vitu ambavyo mikono haiwezi kuvitengeneza: mabati, simenti, misumari. Wafadhili wachache walituongezea nguvu. Familia moja ya mtaani ilitoa kiwanja, si mbali na nyumba zetu zilizoanguka, na mhandisi kijana kutoka Bukavu akatuchorea nyumba kumi na mbili. Sote tulimwita Enjenia.

Orodha ya watakaoingia niliiandika mimi. Watu walipoanza kunong'ona kwamba mama wa sekretere ndiye atakayepewa ufunguo wa kwanza, nilimwandika namba kumi na mbili. Sikumwuliza. Aliposikia alisema tu, "Angalau nimeandikwa."

Alhamisi kabla ya safari ile ya kabati, Enjenia alivuta kamba za msingi. Alipiga vijiti, akafunga uzi mweupe usawa wa sakafu itakapokuwa, akasogea nyuma kuutazama. Mama alikuja akasimama kando ya uzi. Aliutazama, akatazama upande wa mto, akautazama tena.

"Enjenia, mwanangu. Hapa maji itaingia."

"Hapana, mama. Hapa ni juu. Na nimeongeza safu mbili za mawe."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kule mulikokuwa munakaa."

"Kwa macho," mama alisema. "Weye siku ile ulikuwa Bukavu. Minye nilikuwa mu nyumba, juu ya meza."

Watu walicheka, na Enjenia naye alicheka, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Sawa, mama. Basi uniletee ushahidi. Na muhuri!"

Alisema kwa mzaha. Mama hakuchukulia mzaha. Ndiyo sababu Jumamosi tulikuwa barabarani na kabati.

Tulilisimamisha juu ya sakafu ya zamani, miguu yake minne ikiingia kwenye alama zile zile ilizokuwa imechimba kwenye simenti. Lilisimama pale nje, jua likilipiga, bila ukuta wala paa, na nadhani kila mtu aliyekuwepo alirudi ghafla kwenye siku ile ya mafuriko. Kisha fundi mwashi wetu, mtu wa Luberizi asiyependa maneno mengi, akatoa kifaa chake: mpira mrefu mwembamba unaoonyesha ndani. Aliujaza maji, akaugonga gonga mpaka vipovu vyote vikatoka.

"Hii haidanganye," alisema. "Maji iko sawa huku, iko sawa kule."

Alishika ncha moja kwenye mstari wa kabati. Ncha ya pili ilivutwa hadi mwisho wa mpira, kijiti kikapigwa, na maji ndani ya mpira yalipotulia usawa wa mstari, alama ikakatwa kwenye kijiti. Kutoka hapo tukasonga mbele hadi kijiti kingine. Vijiti vinne. Niliandika kila kimoja. Umati ulisonga nasi kijiti kwa kijiti, na wale ambao Alhamisi walikuwa upande wa Enjenia na wale waliokuwa upande wa mama walianza kutaniana waziwazi.

"Itakuwa chini ya uzi!"

"Ya nini! Ngoja tu."

Kijiti cha nne kilikuwa ndani ya kiwanja, kando kabisa ya uzi mweupe. Fundi alipandisha ncha ya mpira. Maji yalicheza, yakapanda, yakashuka, yakatulia. Alikata alama kwa kisu, akajiondoa ili wote tuone. Uzi wa Enjenia ulikuwa chini. Alama ilikuwa juu yake, usawa wa goti.

Kelele zilizopigwa pale zilifika sokoni, sina shaka. Wanawake waliruka. Mtu alimshika mama mkono na kuuinua juu kama mshindi wa ngumi.

Enjenia hakukasirika. Alichuchumaa mbele ya kijiti muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwa kulisema, kwa maana lilikuwa la kweli: "Maji inayokimbia hailale sawa kama maji ya mpira. Huko karibu na mto iliweza kuwa juu, na hapa ikawa chini. Nahitaji ushahidi wa pili, upande huu."

Watu walianza kutazama huku na huku. Upande huu wa kiwanja hakukuwa na kabati. Kulikuwa na ukuta mmoja tu uliobaki wima, wenye vyuma viwili vya bawaba, na mwenye ukuta huo alikuwa amesimama kati yetu. Alikuwa jirani yetu, mwanamke muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, namba kumi na moja kwenye orodha yangu. Mlango wake ulinusurika mafuriko, na tangu siku hiyo ulikuwa meza yake ya biashara.

"Mulango yako iko na mustari?" fundi alimwuliza.

"Iko nao. Lakini iko na ndagala juu."

"Tutoe ndagala."

"Mutoe ndagala, bateja banaona? Nani atanunua?"

"Sisi!" umati ulijibu, na haikuwa ahadi ya hewa. Ndani ya dakika chache ndagala wote walikuwa wamekwenda kwenye vikapu, mifuko na kofia, mimi mwenyewe nikiwa na fungu ndani ya kitambaa, na mlango ulikuwa ukikimbizwa kuelekea ukutani. Uliingia kwenye bawaba zake kwa mlio mkali. Chini ya magamba ya samaki, mstari ulikuwepo. Fundi aliuosha kwa kiganja, akashika mpira. Safari hii urefu mmoja wa mpira ulitosha kufika hadi kijiti cha nne.

Tofauti kati ya alama ya kabati na ya mlango ilikuwa upana wa kidole kimoja.

Enjenia alivua kofia. "Mama," alisema, "nimeona muhuri."

Ningependa kusema kwamba furaha iliendelea hadi jioni. Lakini Enjenia alikaa juu ya jiwe akaanza kupiga hesabu, nami nilikaa karibu naye, na nilijua jibu kabla hajainua kichwa. Kuinua msingi wa kila nyumba kulitaka mawe mengi zaidi, na mawe yaliletwa na lori kutoka machimboni. Safari za lori zilikuwa zimepangwa na zisingeongezeka. Aligawanya mara mbili, kwa njia mbili.

"Yanatosha nyumba kumi na moja," alisema. Kisha, akiwa hajui: "Namba kumi na mbili ni ya nani?"

Wote walimtazama mama, na mama alinitazama mimi. Mstari wake mwenyewe ndio uliomtoa, na kalamu iliyomweka mwisho ilikuwa yangu.

"Andika," aliniambia. "Nyumba kumi na moja zisizoingia maji. Ni mingi kuliko kumi na mbili zinazoingia."

Sikuandika. Nilijifanya natafuta ukurasa.

Muuza ndagala ndiye aliyeingilia kati. "Enjenia, samahani. Weye unanunuaka mawe?"

"Ndiyo, mama."

"Huku Mulongwe?" Alinyosha mkono kuelekea avenu, ambako mawe ya mafuriko yalikuwa yamelala miaka yote ile, motari wakiyazunguka, magari yakigeuka kurudi. "Na hizi ni nini? Ni mikate?"

Enjenia alitazama. Nadhani alikuwa ameyaona kila siku bila kuyaona, kama sisi. "Ni ya mviringo," alisema taratibu. "Yanateleza, hayashikane. Lazima yapasuliwe."

Fundi alikuwa tayari amechukua nyundo yake kubwa. Alichagua jiwe mbele ya macho yetu, akalizunguka, akalipiga mara tatu mahali pamoja. Lilifunguka vipande viwili vyenye nyuso bapa.

"Imepasuka," alisema.

Salongo, yaani kazi ya wote, ilianza Jumatatu. Nimeshuhudia salongo nyingi ambazo watu huja na majembe ili waonekane, kisha wanapotea. Hii ilikuwa tofauti. Wenye nyundo walipasua pale pale avenu, na kutoka hapo hadi kiwanjani tulijipanga mstari mrefu, mikono kwa mikono. Jiwe liliondoka kwa mmoja likiwa baridi, likafika mwisho lina joto la viganja vya watu arobaini. Wanawake walianzisha wimbo wa kupokezana wenye jina la kila aliyeangusha jiwe, na Enjenia aliimbwa mara mbili. Siku ya tatu walifika watu ambao hawakuwa wanachama kabisa. Niliwauliza, kwa sababu ilikuwa kazi yangu kuuliza, wamefuata nini.

"Barabara," mmoja alinijibu, akinikabidhi jiwe ili nisiendelee kuuliza.

Ni kweli. Mawe ya avenu tuliyachanganya na ya lori katika kila msingi, na kadiri misingi ilivyopanda, avenu ilifunguka. Pikipiki zilianza kupita moja kwa moja. Kisha gari dogo likapita, likipiga honi kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwenye kibanda cha unga aliyekuwa amefunga miaka ile yote akarudi kupaka rangi mlango wake. Nilijaza kaye ya kwanza, nikanunua nyingine. Kila jioni nilihesabu safu: nyumba ya kwanza safu sita, ya pili sita, ya tano, ya nane. Mama hakuwahi kuniuliza tumefika ngapi. Lakini kila asubuhi nilimkuta ameshafika.

Mawingu yalianza kushika milima tulipokuwa kwenye msingi wa kumi na moja. Avenu ilikuwa safi karibu yote. Kwa nyumba ya kumi na mbili yalipatikana mawe ya safu tano, na tulitafuta hadi pembeni mwa ziwa yale ya safu ya sita. Tulikosa kona moja tu. Mama alikwenda kwenye sakafu ya zamani akarudi.

"Kule iko sakafu yangu," alimwambia fundi. "Munangoja nini?"

"Mama, ile ndio ya kupimia."

"Basi upime mara ya mwisho, kisha uivunje."

Alipima. Niliandika. Kisha sakafu ya nyumba niliyozaliwa ilivunjwa vipande, ikapita mikononi mwetu kama mawe mengine, ikajaza ile kona. Ngazi ya mlango haikuvunjwa. Ilihitaji watu sita, na iliwekwa mbele ya mlango mpya iwe ya kwanza kati ya ngazi tano.

Kuta zilipanda, mabati yakapigiliwa, watu wakahamia. Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mchana, wiki ya pili tangu mama ahamie. Mto ulivuka kingo na kuingia kwenye avenu, wa rangi ya kahawia, wenye haraka. Watu wa nyumba zote kumi na mbili walisimama milangoni wakitazama miguuni mwao. Ngazi ya zamani ilifunikwa. Ya pili ikafunikwa. Kwenye ya tatu maji yalipiga, yakarudi, yakapiga, na hapo yakabaki.

"Mama kumi na mbili!" muuza ndagala alipiga kelele kutoka mlangoni kwake, nyumba ya kumi na moja. "Kwako imefika ngapi?"

"Mbili na nusu! Kwako?"

"Mbili na nusu! Mulango yangu hata haijalowa!"

Simu yangu ililia. Ilikuwa Enjenia, kutoka Bukavu; alikuwa amesikia habari za mvua na sauti yake haikuwa imetulia. Aliomba kuongea na mama. Nilimpa simu.

"Iko inapita, mwanangu," mama alisema, akiegemea kabati. "Haikupiga hata hodi." Alisikiliza kidogo, akacheka, kisha akafunika simu kwa kiganja na kunigeukia. "Anauliza kama umeandika."

Nilikuwa bado naangalia ngazi ya tatu. Nilikwenda kuchukua kaye.